Vidole Viwili vya Mwisho

Mwonjaji alisifu uji ulioungua, na hapo ndipo mkewe alipojua.

"Mtamu," alisema, akasukuma bakuli aongezewe. Nyumba nzima ilikuwa inanuka moto. Jirani alikwisha kuja kuuliza kuna nini. Mkewe akaweka mwiko chini.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa. Miezi mitatu sasa. Hata kitunguu sikisikii."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kucheka. Lakini yeye alikuwa mwonjaji katika karakana ya sigaa, zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa jani la tumbaku. Miaka ishirini na sita alikuwa amekula kwa ulimi na pua, na kazi nyingine hakuijua. Mkewe alikuwa msimamizi wa wasokotaji kwenye karakana hiyohiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama wa watu hakumwambia mtu.

Siku zilikwenda kwa sababu Mwonjaji alikuwa na ujanja mmoja. Kila sigaa, iwe nzuri namna gani, huwa chungu mwishoni. Basi alikuwa akivuta taratibu, na ilipobaki upana wa vidole viwili alikunja uso na kusema, "Hapa sasa uchungu umeingia." Hakuna aliyembishia, maana ilikuwa kweli.

Kisha makao makuu yakatangaza kwamba waonjaji wote watapimwa upya na Mtaalamu, mtu aliyesifika kwamba akivuta sigaa moja hutaja shamba ilikotoka, na shamba hilo limeelekea upande gani wa kilima. Atakayeshindwa, kwaheri.

"Sanduku la mtihani limo kabatini, ofisini," mkewe alimwambia asubuhi ya siku yenyewe. "Nitaliweka mezani kwako kabla ya saa nne. Wewe jikaze kisabuni tu."

Karakana ilikuwa vurugu tupu. Duka la mbele lilikuwa linapakwa rangi, na vitu vyake vyote vilikuwa vimerundikwa vyumba vya ndani, juu ya viti na meza, popote palipopatikana nafasi.

Mtaalamu alifika saa tatu na nusu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye macho ya hakimu. Alifunga mlango wa chumba cha kuonjea, akakuta kisanduku mezani, akakifungua, akatoa sigaa mbili. Moja alimpa Mwonjaji, ya pili akabaki nayo.

"Kwanza swali," alisema. "Kwa nini sigaa huwa chungu mwishoni?"

Hilo halikuhitaji ulimi. "Moshi hupita katika majani ambayo bado hayajaungua, mzee. Kila ukivuta, moshi huacha humo mafuta yake na unyevu wake. Kile kipande cha mwisho kinabeba mzigo wa vyote vilivyotangulia. Tena moto umeshakaribia mdomo, moshi haupati pa kupoa. Na mwenye pupa huupata uchungu mapema zaidi."

"Vizuri. Sasa, hizi zimetengenezwa kwa makusudi. Uchungu wake hauingii mahali pa kawaida. Tutavuta pamoja bila kusema neno. Ukiusikia, weka yako chini. Nikiusikia, nitaweka yangu. Halafu tutalinganisha."

Jasho jembamba likamtoka Mwonjaji. Ujanja wake wa vidole viwili ulikuwa umekufa hapohapo. Alimkumbuka binti yao, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, akaogopa kwelikweli. Lilibaki jambo moja tu: kuutazama uso wa Mtaalamu, na yule akiweka chini, naye aweke papo hapo.

Wakawasha. Nusu ya kwanza ikaisha, tena upesi. Mwonjaji hakupepesa macho. Mtaalamu naye alikuwa amemkazia yake, hayabanduki usoni pake. Nje, mlinzi alipita dirishani na ndoo ya maji, akatazama juu ya paa, akatazama nyuma ya ukuta, akaenda zake.

Vikabaki vidole vitatu. Vikabaki viwili. Mtaalamu hakuweka chini. Kikabaki kimoja. Mwonjaji alihisi midomo inababuka, akajiambia kwamba huyu bwana ana roho ngumu, akaamua kufa na tai shingoni. Moto ulipofika vidoleni, wote wawili waliachia kwa wakati mmoja, na vipisi vikaanguka pamoja kwenye kisahani cha majivu.

Mtaalamu alipuliza vidole vyake. Akatoa fomu. Aliandika, kisha akasoma kwa sauti: "Ameusikia uchungu palepale nilipousikia mimi. Hana haja ya kupimwa tena." Akapiga muhuri, akampa mkono, akaondoka haraka kama mtu mwenye safari ndefu.

Mwonjaji alikaa chini na fomu yake. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlenga. Alikuwa amekiepa kikaango, tena mbele ya ulimi mkali kuliko zote.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkewe aliingia ameziba pua kwa kiganja, mkono wa pili umebeba kisanduku cha bati kilichofungwa kwa lakiri.

"Nisamehe, baba watoto, mwenye ufunguo wa kabati ndiyo kwanza anafika," alisema akihema. "Mtihani wenu huu hapa, haujaguswa. Lakini nani kachoma zile sigaa za mapambo ya dirisha la duka? Nilizijaza maranda na magazeti kwa mkono wangu mwenyewe!"