Glavu za Bwana Shamba

Mbele ya ghala la ushirika uliokufa, pale Ikolo, bwana shamba alitua chungu cha chambo cha panya, kigawiwe kila kaya. "Hakiui panya, kinawafunga uzazi tu. Mwanamke ambaye bado anatumaini kuzaa asikiguse kwa mikono mitupu." Glavu alikuwa nazo jozi moja tu, yake mwenyewe.

Wanawake walitazamana, kisha wote wakamgeukia Neli, aliyekaa miaka mingi katika ndoa bila kupata mtoto.

"Agawe Neli," jirani yake alisema kwa upole. "Kwake hakina neno."

Neli alipiga magoti, akakunja mikono ya gauni. Chambo kilinukia mchele na mawese. Vidole vyake vikasimama juu ya chungu.

"Naomba hizo glavu," alisema.

Bwana shamba akampa. Neli akazivaa polepole, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama mtu.