Kimo cha Lango

Mchana huo Sikudhani alikuwa akijaribu programu mpya ya bwawa. Alichukua kimo, ile namba ambayo lango la maji huitii, ikiwa sifuri, yaani lango limefungwa, akaikabidhi kwa kipande cha programu kiifanye tisa. Kikafanya. Akatabasamu.

"Umekipa nakala?" aliuliza mzee Mkufya, fundi mkuu, akipuliza chai yake.

"Nakala, mzee. Kimo chenyewe hakiguswi. Lugha ya programu niliyozoea hunakili kila unachoipa."

"Mazoea yana taabu, binti. Lugha hii hainakili. Inachukua kitu chenyewe."

Sikudhani alicheka, akaandika amri ya kusoma kimo ili amwonyeshe ile sifuri yake. Skrini ikajibu: tisa.

Mkufya akaweka kikombe mezani taratibu. Chai ilikuwa ikitetemeka ndani yake, na hakuna aliyeigusa meza.

Sikudhani akageukia dirisha. Kule bondeni, katika mto uliokauka tangu kiangazi kianze, wanawake walikuwa wameanika shuka nyeupe juu ya mawe. Mmoja wao akanyoosha mgongo, akageuza shingo upande wa bwawa, kama mtu aliyesikia akiitwa.