Jina Lisilokuwemo

Fundi alimaliza kuchonga jina la kumi na nane, akapuliza vumbi, akarudi kwenye karatasi ya halmashauri. Orodha ilikuwa imekwisha.

Akaisoma upya tangu juu. Jiwe lile la kumbukumbu lingewekwa pale daraja lilipoanguka miaka thelathini iliyopita, na tangu utotoni aliambiwa kwamba baba yake alikufa siku hiyo. Jina la baba halikuwemo.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni pa karakana na nguo yake ya kutokea, amekuja kushuhudia jina la mumewe likichongwa.

"Umeshafika kwake?" mama akauliza, bila kugeuka.

"Wamemsahau, Mama. Ngoja niende ofisini nikawaambie."

"Usiende!" Neno lilimtoka haraka mno. Akashusha sauti. "Tindo unayo wewe, mwanangu. Nafasi ipo. Mchonge tu, yaishe."

Fundi akaitazama nafasi iliyobaki chini ya jiwe, pana kama kiganja. Akaiweka tindo chini.

"Mama, kama hakufa darajani, baba yuko wapi?"

Mama akanyanyuka, akaufunga mlango kwa ndani.