Upande wa Ukutani

"Mumeo analala upande gani wa kitanda?"

Mke mpya alisita, lakini fundi wa kuua wadudu aliuliza kwa sauti kavu ya kazi, kama daktari. Akamwonyesha upande wa ukutani.

Fundi alikuwa anaujua. Kitanda kile alikilalia yeye, upande wa nje, mpaka siku mumewe alipomtupia virago mlangoni majirani wakitazama: eti mwanamke ananuka dawa ya mende, eti anamuua kifua. Na leo huyu aliyerithi godoro, asiyemjua hata kwa sura, kaona mende jikoni, kapiga simu. Mungu si Athumani.

"Bwana kasafiri, anarudi kesho," mke mpya alisema. "Kifua chake kibovu, dada. Yule wa kwanza ndiye aliyemharibu."

"Pole yake," fundi akasema, akafunga dirisha.

Akaanza kumweleza, na hapo hakudanganya hata neno moja. Kuna dawa inayowasha macho papo hapo, ukinawa yamekwisha. Kuna inayojikusanya mwilini polepole, kama masizi kwenye bomba la moshi. Halafu kuna vifua vinavyoweka kinyongo: mara ya kwanza chafya, mara ya pili kubanwa, mwisho hata harufu tu inamlaza mtu chini.

"Cha mumeo ni hicho cha kinyongo. Kwa hiyo leo napuliza, basi. Baada ya leo dawa isiingie tena humu ndani, hata uone mdudu gani sijui. Utamuua."

Mke mpya aliapa, mkono kifuani.

Fundi akaibeba mgongoni pampu yake mpya, lebo bado inang'aa, akaanza kupuliza. Barakoa ilining'inia shingoni tu.

"Mbona huivai, dada?"

"Nimezoea."

"Na mbona haina harufu?"

"Za siku hizi ndivyo zilivyo. Mtu hazisikii. Haya, kanisubiri nje."

Mlango ulipofungwa alitoa mkobani chupa ndogo, kifuniko chake kimetobolewa kwa sindano. Moyo ulimdunda kama wa bibi harusi. Akaifungua chupa, akaipigapiga taratibu kwenye mshono wa godoro, upande wa ukutani, kuanzia kwenye mto mpaka miguuni. Kisha akatandika shuka vizuri, bila kunyanzi, kama alivyokuwa akimtandikia zamani.

Mke mpya alimshukuru sana, akamsindikiza mpaka getini. Jua lilikuwa kali. Fundi alipobaki peke yake alifungua pampu, akanawa uso kwa maji yaliyobaki, akanywa mafunda mawili.

Ndipo akaiona chupa mkobani. Kunguni mmoja, mnene, wa hosteli aliyoihudumia jana, alikuwa bado kang'ang'ania ndani.

Fundi akarudi kugonga mlango. Alisema kasahau glavu.