Karanga Nzima za Mama

Penina alimkuta mama yake uani, pale Buigiri, akizinyunyizia maji karanga kabla ya kuzimenya.

Alisahau hata shikamoo. Juzi maabara ya bandarini iliukataa mzigo wake wote wa karanga zilizomenywa na mama: una sumukuvu, haufai kwenda nje. Sumu ya ukungu, na ukungu hupenda unyevu.

"Mama, tangu lini unazilowesha?"

"Tangu uliposema wanunuzi wako wa nje hawataki zilizopasuka. Ganda likilainika, karanga inatoka nzima." Akamjazia kiganja kwa vidole vilivyochubuka na kukunjamana kwa maji. "Wamezipenda?"

Penina akazitazama. Hakukuwa na hata moja iliyopasuka.

"Wamezipenda, mama."

Nje ya ua, lori lililokuwa likiyarudisha magunia yaliyokataliwa bandarini likazima injini.