Kiswahili, Wastani

Kwenye fomu ya maombi ya kazi, mahali palipoulizwa lugha anazozungumza mwombaji, Sixbert alijaza hivi: Kiingereza, vizuri sana. Kifini, kidogo. Kiswahili, wastani.

Kinyaturu, lugha ya kwao, hakukiandika kabisa. Kijana aliyezaliwa Sepuka, akanyonya Sepuka, akachunga mbuzi Sepuka! Alikuwa amekaa Finland muhula mmoja tu, kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi wa biashara. Miezi minne. Jamani, kuna watu wameugua kikohozi kwa muda mrefu kuliko huo.

Huko alikaa kwa mama mmoja mkimya, akapewa chumba cha binti wa mama huyo, ambaye Sixbert aliambiwa yuko masomoni mbali. Mbali wapi, hakuuliza. Alikuwa na kazi ya kujipiga picha kwenye theluji.

Wiki iliyopita alirudi nyumbani, na usiku wa kwanza akala ugali wa uwele kwa uma. Mlenda ukateleza wote, ukaishia kwenye suruali. Mama yake akageukia ukutani asije akacheka mbele ya msomi.

"Na zile kandambili nilizokununulia ziko wapi?" akamuuliza.

"Nimezisahau kule, mama. Wenzetu ndani ya nyumba wanatembea na soksi."

"Haya. Leo utalala sebuleni. Chumba chako kina vitu vya mwenzio Selina. Amekwenda Mitundu kumsaidia shangazi yako kurina asali."

"Selina ndiye nani?"

"Si nakwambia, mwenzio! Mungu amenipa mtoto mchapakazi, nakuambia. Alizeti yote ya mwaka huu tumevuna mimi na yeye."

Sixbert akaelewa mwenyewe: mama ameajiri msichana wa kazi, na msichana wa kazi kapewa kitanda cha mwenye nyumba. Akalala kwenye kochi amenuna, miguu inaning'inia.

Ila kichwani alikuwa na jambo kubwa zaidi. Kiwanda kimoja cha kukamua alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida, kilitaka mtu wa kuzunguka vijijini kununua mbegu kwa wakulima. Nafasi moja tu. Sixbert hakuwa ameitwa kwingine kokote, na marafiki zake wote wa mtaa wa Mandewa, mjini, alishawaambia kwamba kazi ameshapata. Akiikosa, atapita wapi?

Siku ya usaili akakuta watu watatu mezani: meneja Madam Rebeka na wakulima wawili wazee, Mzee Yohana na Mzee Chediel.

"Hai!" akasema Sixbert, kiganja hewani.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mzee Yohana, ingawa shikamoo hakuna aliyeisikia.

Madam Rebeka akafunua fomu, akaisoma, akainua macho, akaisoma tena. "Wakulima wetu wengi ni watu wazima," akasema. "Hebu tujaribu kidogo Kinyaturu. Tuseme Mzee Chediel amekataa bei yako. Mbembeleze."

Sixbert akachekea puani. "Kusema kweli, hiyo lugha imenitoka. Unajua tena, ukikaa sana nje..."

"Ulikaa muda gani?"

"Muhula."

"Muhula," akarudia Mzee Chediel kwa upole, akamsukumia glasi ya maji.

"Subiri hapo nje," akasema Madam Rebeka. "Tumebakiza mmoja tu, Selina wa kwa Mama Sixbert. Yuko ghalani anaongea na wakulima, ataingilia mlango wa huko."

Sixbert alishtuka, halafu akatoka anatabasamu. Msichana wa kazi! Yaani ametoka Mitundu na asali mikononi, amekuja kushindana na mtu wa Finland! Roho ikamtulia kabisa. Akakaa kwenye benchi, harufu ya mashudu ya alizeti imejaa puani, akasikiliza mlangoni bila aibu.

"Shikamooni, wazee wangu," ikasema sauti ya msichana.

Kisha kikaanza Kinyaturu. Kinyaturu cha Sepuka hasa, kile kile cha mama yake, na maneno yote yaliyomtoka Sixbert yakamrudia moja moja. Selina alikuwa anamwambia Mzee Chediel kwamba bei angeipandisha, lakini nusu ya gunia lake ni mchanga, na mchanga hata kuku wa Singida hawanunui. Mzee Chediel alicheka mpaka akapaliwa. Mzee Yohana alikuwa anapiga meza.

Chekeni tu, akawaza Sixbert. Kazi haitolewi kwa kuchekesha wazee. Msichana huyo hata ndege anaiona ikipita juu tu. Atajua nini habari za nje, mtoto wa watu?

"Hongera sana," ikasema sauti ya Madam Rebeka. "Jumatatu unaanza."

Sixbert akasimama. Akakunja mikono mbele ya mlango, amuone uso kwa uso huyo kijakazi aliyemchukulia kitanda na sasa anamchukulia kazi, ampe maneno yake.

Mlango ukafunguka. Msichana aliyetoka alikuwa amejifunga kitenge cha Mama Sixbert, na nywele zake ndefu za njano zimejaa vumbi la alizeti.

"Pole kwa kusubiri, kaka," akamwambia. "Mama yangu amepiga simu kutoka Finland. Anasema kandambili zako umezisahau chini ya kitanda changu."