Miguu ya Kuazima

Mashamba ya mpunga yakishapigwa dawa ya magugu, kila nyumba bondeni hulea viluwiluwi kwenye beseni la maji ya mfereji. Vikiota miguu, ndipo watu huruhusiwa kunywa maji hayo.

Vya Nyamizi vilinenepa wiki tisa bila mguu hata mmoja. Alichoka kubeba ndoo kutoka kisima cha mbali, akaazima vyura wadogo watatu kwa jirani yake, Kabula. Mkaguzi wa maji aliwaona, akaridhika, akabandika kibali cha kunywa mlangoni.

Jioni Nyamizi alikwenda kuwarudisha vyura.

“Si wangu,” Kabula alisema bila kumtazama. “Nami niliazima. Kijiji kizima tunazungushiana hawa hawa.”

Nyamizi alirudi mbio. Mke wa mwanawe, mjamzito wa miezi saba, alikuwa mlangoni akijifuta midomo.

“Leo nimekunywa mpaka basi, mama.”